Mali Iliyochanganyika: Somo Kutoka Maabara ya Kemia

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Allah, Mola wa viumbe vyote, anayejua kilichofichika ardhini na kilichofichika vifuani. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.



Makala hii niliahidi kuileta muhula uliopita. Ilikuwa iwe juu ya chumo la halali, somo ambalo nimelitoa mara kadhaa katika darsa zetu za baada ya Alasiri, na nikilitoa bila shida. Nilikuwa na aya zake, hadithi zake na mifano ya riba na rushwa, mifano inayowahusu watu wengine. Safari hii kalamu ilikuwa nzito, kwa sababu somo limerudi kwangu mwenyewe. Nitaanza maabara, kisha nitakueleza lililonipata.

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu. Mwenzangu wa chumbani anasoma kemia. Tunaishi hapa Ggaba, kwenye mteremko wa kushuka ziwani, mahali ambapo asubuhi upepo unaleta harufu ya mukene wanaoanikwa mwaloni. Siku moja ya Jumamosi aliniambia, "Sheikh, wewe unazungumzia kutakasa nafsi kila wiki. Njoo nikuonyeshe kutakasa chuma." Nikaenda. Msimamizi wa maabara aliniruhusu nisimame pembeni, nimevaa miwani ya kinga, na nisiguse kitu.

Juu ya meza palikuwa na bilauri ya maji yenye umanjano hafifu. Yalikuwa maangavu kabisa, hakuna taka wala kitu kinachoelea. Akaniuliza ninaona nini. Nikasema maji. Akacheka. Alikuwa ameyeyusha humo chumvi mbili: chumvi ya seriamu, moja katika yale yanayoitwa madini adimu, na chumvi ya chuma cha kawaida. Zote mbili zilikuwa mle, zimechanganyika, na hakuna jicho ambalo lingeweza kusema hii ni hii na ile ni ile.

Akayapasha moto, akaongeza asidi kidogo, kisha akaanza kudondoshea maji mengine maangavu. Hayo yalikuwa na asidi ya oksaliki. Tone moja, anakoroga. Tone jingine, anakoroga. Baada ya muda kidogo yale maji yakaanza kuwa na ukungu, na unga mweupe ukaanza kushuka kama vumbi la unga wa muhogo. Hiyo, akasema, ndiyo oksaleti ya seriamu. Alipochuja, unga mweupe ulibaki juu ya karatasi na maji ya manjano yakapita chini. Chuma kilikuwa kimepita na maji. Seriamu ilikuwa imebaki.

Nilimuuliza siri yake. Alinieleza hivi. Madini adimu yote yana tabia moja: yakikutana na oksaleti hushikamana nayo kuwa chumvi isiyoyeyuka, hata ndani ya maji yenye uasidi. Atomu mbili za seriamu hushika oksaleti tatu, na chumvi hiyo hubeba pia molekuli kumi za maji. Chuma na alumini hazifanyi hivyo. Nazo hushikana na oksaleti, lakini muungano wao huyeyuka na kubaki majini. Kwa hiyo kitu kimoja kinaingia katika bilauri, kinavigusa vyote, na kila kimoja kinajibu kwa asili yake.

Kisha unga ule ukakaushwa na kuingizwa katika tanuri. Kwanza hutoka maji. Moto ukizidi, oksaleti yenyewe huvunjika na kuondoka kama gesi za kaboni. Kinachobaki ni oksaidi ya seriamu, unga wenye umanjano wa mbali. Ukitia gramu 100 za ile chumvi nyeupe, utatoa takriban gramu 47. Zaidi ya nusu ya kile ulichodhani ni madini kilikuwa maji na gesi.

Na asidi yenyewe si kitu cha kuchezea, ni sumu. Lakini Mola ameiweka pia, kwa kiasi kidogo, katika mboga tunazokula, ikiwemo dodo, yaani mchicha. Mawe mengi ya figo ni oksaleti ya kalsiamu. Kitu kilekile ni chombo, na chakula, na ugonjwa, kwa kadiri ya kipimo.

Ndugu yangu msomaji, huenda unajiuliza haya yanahusiana vipi na Busoga, kwetu, na mali ya halali. Nisubiri kidogo.

Mimi ni Musoga. Kwetu ni Bugweri, si mbali na Makuutu. Makuutu iko takriban kilomita 120 mashariki ya Kampala, na jina lake siku hizi limefika mbali kwa sababu ya udongo wake. Ndani ya mfinyanzi ule mna madini adimu: neodimiamu na prasiodimiamu, disprosiamu na tabiamu, yanayotumika katika sumaku zenye nguvu za mota za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Hayamo kama mawe ya kuokota. Yamejishika juu ya chembe za udongo kwa namna ya ioni, kama ilivyo katika udongo wa kusini mwa Uchina. Kampuni ya Rwenzori Rare Metals, ambayo mshirika wake ni Ionic Rare Earths ya Australia, ilipewa leseni kubwa ya uchimbaji Januari 2024.

Namna ya kuyatoa inafanana na nilichokiona maabara. Udongo hupitishiwa maji yenye chumvi, hasa salfati ya amonia, ileile wakulima wanayoijua kama mbolea ya SA. Amonia inachukua nafasi ya madini, madini yanatoka na maji, kisha yanafanywa yashuke kama unga. Uchina walianza na asidi ya oksaliki. Baadaye viwanda vingi vikahamia bikaboneti ya amonia, ambayo ni nafuu na haina sumu kama ile, na mradi wa Makuutu pia umelenga kaboneti. Njia ni mbili, lakini kazi ni moja: kuita kitu kimoja kutoka ndani ya mchanganyiko.

Na hayo yanayoitwa adimu hayakosekani duniani. Seriamu katika gamba la dunia ni nyingi kuliko risasi. Uadimu wake ni kwamba imetawanyika, na kuikusanya ni kazi.

Sasa nije kwangu.

Habari ya madini ilipoenea, bei ya ardhi ikaanza kuzungumzwa hata katika vijiji ambavyo hakuna aliyewahi kuchimba shimo. Madalali wakaja kutoka mjini. Ami yangu, ambaye ndiye baba yangu tangu baba mzazi alipofariki, aliuza kipande cha shamba kilicho kando ya bonde. Sikujua. Nilichojua ni kwamba ada yangu ya muhula, shilingi 1,150,000, ililipwa yote kwa wakati, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nilisujudu sijda ya shukuru. Wiki hiyohiyo nilitoa darsa juu ya baraka za rizki.

Likizo nilirudi nyumbani. Nilimkuta binamu yangu wa miaka kumi na nne akipukuchua mahindi na jjajja, siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi. Nikauliza mbona hayuko shule. Jjajja hakunijibu upesi. Alipojibu, alisema lile shamba la kando ya bonde halikuwa la ami. Lilikuwa la dada yake marehemu, shangazi yetu, na baada yake ni la watoto wake wawili. Huyo binti ni mmoja wao. Mwingine ni mdogo wake wa kiume, wa miaka tisa.

Jioni nilikaa na ami baada ya Magharibi. Nilimwendea kwa adabu, kwa sababu amenilea na sijamsahau. Nikasema, "Baba, ile ada ilitoka wapi?" Alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, fedha ni fedha. Zilikuwa bahasha moja na za mahindi. Nani sasa atajua ipi ni ipi? Na sisi ni familia moja. Ukimaliza masomo si wewe utakayewasaidia?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu usiku ule. Maneno yake yalikuwa na upendo ndani yake, na yalikuwa na faida kwangu, na jambo lenye upendo na faida ni gumu kulikataa. Nililala nikijiambia kwamba sikuiba, sikuuza, sikujua. Nililala vizuri siku mbili. Siku ya tatu nilikumbuka bilauri.

Maji yale yalikuwa maangavu. Uangavu wake haukuwa dalili ya usafi. Ulikuwa dalili tu kwamba hakuna aliyeuliza swali. Ami alisema nani atajua ipi ni ipi. Mimi nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba vitu viwili vikichanganyika mpaka jicho likashindwa, kila kimoja bado kipo kwa kiasi chake. Hakijapotea hata chembe. Kinangoja kuitwa tu. Ikiwa hayo ndiyo hali ya chumvi mbili katika bilauri, itakuwaje haki ya yatima mbele ya Mola ambaye hata uzito wa chembe haumpotei?

Nikarudi katika Suratun Nisaa. Aya ya 2 inatuamuru tuwape mayatima mali zao, na inakataza jambo ambalo nilikuwa nimelisoma mara nyingi bila kulisikia: kula mali zao kwa kuzichanganya na zetu. Mchanganyiko umetajwa! Kisha aya ya 10 inasema kwamba wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao. Nilikuwa nimeihifadhi aya hiyo tangu madrasa.

Niliporudi Ggaba nilimwendea ustadhi wangu, nikamweleza yote bila kupunguza. Alinipa majibu matatu, na nayaandika hapa kwa sababu siamini kuwa niko peke yangu.

La kwanza, kutojua huondoa dhambi, hakufuti deni. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wanasema mkono unaopokea kutoka mkono uliochukua bila haki ni mkono wa dhamana, hata kama mwenye mkono hakujua. Na mlezi haruhusiwi kuuza ardhi ya yatima ila kwa dharura ya yatima mwenyewe au kwa faida yake iliyo wazi. Ada yangu haikuwa dharura yao.

La pili, kuchanganyika si udhuru. Imam Ghazali, katika Kitabu cha Halali na Haramu ndani ya Ihya, anaeleza kwamba mwenye kutubu kutokana na mali ya haramu ana kazi mbili: kuipambanua na kuitoa, kisha kuipeleka inakostahili. Fedha zikichanganyika, hutafuti noti zilezile. Unatafuta kiasi, unakitoa, na kinachobaki ni chako.

La tatu, nisimvunjie ami heshima yake. Kumzuia mtu dhulma ni kumnusuru, na nusura ina adabu. Nisimseme sokoni wala msikitini. Ndiyo maana jina la kijiji hulioni hapa.

Toka hapo nimejifunza mambo ambayo darsa zangu hazikuwa nayo.

Nimejifunza kwamba kujihesabu kunahitaji swali sahihi. Nilikuwa nikijihesabu kila usiku, lakini maswali yangu yalikuwa: je, nimeswali kwa wakati, je, nimesengenya, je, nimetazama nisichopaswa? Hayo ni maswali mema, na jambo langu hili lilikuwa likipita katikati yake kama chuma kinavyopita kwenye karatasi ya kuchujia. Halikuitwa na swali lolote kati ya hayo. Swali lililoliita ni moja: hiki nilicho nacho ni haki ya nani? Lidondoshe swali hilo katika ada yako, katika simu yako, katika fedha za jumuiya unazozishika, katika ile kazi ya darasani uliyoandikiwa na mwenzako. Kama hakuna kitu kitakachoshuka, mshukuru Allah. Kikishuka, usikoroge tena ili kipotee. Kichuje.

Nimejifunza pia kwamba haraka huharibu. Mwenzangu aliniambia kwamba ukimimina asidi yote kwa pamoja, unga hushuka laini mno, mwingine ukapenya chujio, na ule unaobaki ukashika uchafu ndani yake. Ukidondosha polepole katika maji ya moto na kuuacha utulie, chembe hukua na kuosheka. Usiku wa kwanza nilitaka kwenda kwa ami na maneno yote kwa mara moja. Ningekuwa nimetoa haki na hasira ndani ya unga mmoja.

Na nimejifunza kuuelewa moto. Katika Suratur Raad, aya ya 17, Allah anatupigia mfano wa mvua inayojaza mabonde na mkondo unaobeba povu juu yake, na mfano wa madini yanayowekwa motoni ili yafanywe pambo au chombo, nayo hutoa povu kama hilo. Povu huondoka, na kile kinachowafaa watu hubaki ardhini. Sisi tunaosema Kiswahili tunalijua neno fitna kwa maana ya uchochezi. Asili yake katika Kiarabu ni kutia dhahabu motoni ili safi ijitenge na isiyo safi. Mtihani na tanuri vimetoka katika neno moja. Wengi wetu tuna gramu 100 za dini machoni pa watu: kanzu, hijabu, cheo katika jumuiya, sauti nzuri ya kisomo. Moto ukija, hutoka maji, hutoka gesi. Mimi nilipimwa kwa shilingi 1,150,000, na nakiri kwamba kwa siku mbili nzima nilikuwa gesi.

Mwisho nimejifunza mpaka wa kazi hii. Oksaleti hutenga madini adimu na chuma, lakini haiwezi kuyatenga yenyewe kwa yenyewe. Seriamu, neodimiamu na ndugu zake hushuka pamoja, kwa sababu wanafanana mno. Kuwatenganisha hao kunahitaji hatua nyingi sana, kiwandani, kwa mikono ya wataalamu. Na nafsi iko hivyo. Kutenga mali yangu na ya yatima niliweza baada ya kuambiwa. Lakini je, ninarudisha kwa ajili ya Allah, au ili nisikie raha, au ili niandike makala hii na nisifiwe? Hapo nia zimefanana, na sijiamini peke yangu. Hapo unahitaji mwalimu, swala ya usiku na umri.

Utauliza nimefanya nini. Nimeandika deni langu kwa karatasi, mbele ya mashahidi wawili, na nakala anayo jjajja. Kila siku baada ya Alfajiri nabeba mizigo mwaloni mpaka saa mbili na nusu, na jioni nafundisha watoto juzuu ya Amma. Mpaka leo ninapoandika nimerudisha shilingi 310,000. Binti amerudi shule muhula huu. Suala la shamba lenyewe liko mbele ya wazee na kadhi wa wilaya. Ami hazungumzi nami. Nampigia kila Ijumaa, simu inaita mpaka inakatika, na nitaendelea kumpigia, kwa sababu haki yake juu yangu nayo haijafutika.

Ndugu zangu, baadhi yenu mtakuwa wahandisi, wanasheria na wahasibu wa madini haya. Katiba ya Uganda, kifungu cha 244, imeweka madini mikononi mwa Serikali kwa niaba ya nchi, yaani ni amana. Kule kusini mwa Uchina uchimbaji holela uliacha vilima vilivyochunwa na maji yaliyoharibika. Siku utakapowekewa karatasi mbele yako uitie saini, nyuma ya karatasi hiyo kutakuwa na bonde la mtu, kisima cha mtu, na huenda yatima. Anayekula shilingi ya yatima mmoja leo na kulala usingizi anajizoesha kwa siku hiyo.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba watu ni kama madini ya dhahabu na fedha. Alitufundisha pia kwamba muflisi wa umma wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, ilhali amekula mali ya huyu na kumdhulumu yule, kisha mema yake yagawiwe waliodhulumiwa mpaka yaishe. Tujipime kabla hatujapimwa, na turudishe tungali tuna mikono ya kurudishia.

Ewe Allah, tutoshelezee halali yako tusihitaji haramu yako. Tupambanulie haki tuijue na utupe nguvu ya kuifuata. Walinde mayatima wetu, wasamehe walezi wetu na ulainishe nyoyo zao na zetu. Ondoa povu lililo ndani yetu kabla ya siku ambayo hakuna kitakachofichika. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.